Kadi ya zamani na kadi mpya: ninavyozipima mezani kwangu Mafiati, Mbeya

Ijumaa moja ya mwezi wa sita, Mlima Loleza ukiwa bado umejifunika ukungu, kijana anayerusha ibada za kanisa lao mtandaoni aliingia kwenye chumba changu cha ufundi akiwa ameficha boksi ndani ya koti. "Shikamoo dada." Marahaba mdogo wangu, funga mlango, baridi inaingia. Boksi lilikuwa limeshuka alfajiri na basi kutoka Dar: kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha ya kompyuta, aina ya Radeon RX 6500 XT, mpya, nailoni yake haijachanwa. Mashine yake ilikuwa na RX 570 ya mtumba aliyokaa nayo miaka mitatu. Hesabu yake ilikuwa fupi: 6500 ni kubwa kuliko 570, na kadi iliyotoka 2022 haiwezi kushindwa na ya 2017. Aliniomba nimfungie tu haraka, maana Jumapili kulikuwa na kipaimara.

Nikafunga, nikaweka draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, tukafungua OBS, programu ya kurusha video mtandaoni. Kwenye orodha ya enkoda, yaani kile chombo kinachobana video kabla ya kuirusha, kadi haikutokea kabisa. Nikafuta draiva, nikaiweka upya, nikazima na kuwasha. Bado. Kadi ilikuwa nzima. RX 570 ina saketi yake ya kubana video kwa mitindo ya H.264 na HEVC, na RX 6500 XT imetengenezwa bila saketi hiyo. Mzigo wote ukamwangukia prosesa, Intel ya kizazi cha nne yenye kori nne, yaani vitengo vinne vya kukokotoa, na katika jaribio la dakika kumi picha ilikuwa inaganda, inaruka, inaganda tena. Yule kijana alisimama nyuma yangu kimya, mikono mifukoni. Alikuwa amedunduliza miezi kadhaa.

Kadi ile ingepimwa kwa kazi yake kabla hajatuma pesa, yasingemkuta. Ndiyo maana naandika haya. Nimekuwa nikifunga na kutengeneza kompyuta hapa Mbeya kwa muda mrefu, na kadi nyingi zinazopita mezani kwangu ni za mtumba, zinazoingia kwenye mashine za ofisi zilizotumika nje ya nchi. Kwa mashine hizo, swali la "ipi nzuri, ya zamani au mpya" halijibiwi na mwaka. Linajibiwa kwa kupima kadi kwenye mashine itakamokaa, kwa kazi itakayofanya.

Anza na jina, ila usiishie hapo

Jina la kadi lina sehemu mbili. Chukua GeForce GTX 1060: 10 ni kizazi, 60 ni cheo ndani ya kizazi hicho. RTX 4060 ni cheo kilekile, kizazi cha 40. GTX 1650 ni kizazi kipya kuliko 1060, lakini cheo chake ni 50. Ndiyo sababu 1060 ya gigabaiti 6, iliyotoka Julai 2016, humtangulia 1650 ya Aprili 2019 katika gemu nyingi, ingawa ni mkubwa wake kwa karibu miaka mitatu. Ukilinganisha, linganisha cheo na cheo, au kubali kwamba kizazi kimoja juu na cheo kimoja chini vinaweza kukurudisha palepale ulipokuwa.

Sasa ugumu unaanzia hapa: jina moja linaweza kubeba kadi mbili tofauti. Mfano ninaowaonyesha watu kila mara ni GT 1030. Ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 inayosafirisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likatoka toleo la DDR4, jina lilelile, gigabaiti 2 zilezile kwenye boksi, lakini kumbukumbu yake inasafirisha gigabaiti 16.8 tu. Hiyo ni karibu theluthi moja. Kwenye gemu tofauti yake unaiona kwa macho bila kuhitaji kipimo. GTX 1060 nayo iko ya gigabaiti 6 yenye kori 1,280 na ya gigabaiti 3 yenye kori 1,152. Mtu anadhani amepungukiwa na kumbukumbu pekee, kumbe na kori pia. RX 580 ya kawaida ina kori 2,304, lakini iko nyingine iliyoanzia soko la China yenye kori 2,048, ambayo kwa kweli ni RX 570 iliyovaa jina la kaka yake. RTX 3050 ya gigabaiti 8 na ile ya gigabaiti 6 iliyokuja 2024 nazo haziko sawa.

Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote, weka programu ndogo ya GPU-Z. Ni ya bure na haihitaji hata kusakinishwa. Fungua, soma mistari minne: jina la chipu, idadi ya kori, aina ya kumbukumbu, na kasi ya kumbukumbu kwa sekunde. Linganisha na karatasi ya mtengenezaji. Ikiwa jina lina neno FAKE mbele yake, acha hiyo kadi, usijadiliane bei. Wapo watu wanaochukua kadi za miaka ya 2010 na 2011, wanabadilisha programu iliyo ndani ya chipu ya BIOS ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti, na Windows inakubali. Mimi nikiona tundu la VGA la bluu, lile la monita za zamani, kwenye kadi inayojiita 1050 Ti, nashtuka hata kabla sijaiwasha, maana chipu za kizazi hicho hazitoi VGA zenyewe.

Karatasi inasema nini, na inanyamaza wapi

Kori ndizo watu wanazozikimbilia, na ndizo zinazopotosha zaidi ukivuka kizazi. GTX 780 ya 2013 ina kori 2,304. GTX 970 ya 2014 ina 1,664, na inaishinda. Kori za kizazi kimoja si sawa na za kingine, kama vile debe la Makambako na debe la soko jingine lisivyo na ujazo mmoja. RTX 2060 ina kori 1,920, RTX 3060 ina 3,584. Ukisema ya pili ni karibu mara mbili ya kwanza umekosea, kwa sababu kwenye kizazi cha 30 walibadilisha namna ya kuzihesabu na kuzipanga. Tumia idadi ya kori kulinganisha kadi za kizazi kimoja tu.

Kumbukumbu ndiyo ninayoitazama kwa makini zaidi, kwa sababu ndiyo inayoua mashine za mtumba. Fikiria muuza viazi Mwanjelwa. Akiwa na gunia mbele yake, mteja anahudumiwa papo hapo. Gunia likiisha, anatuma kijana Uyole akalete jingine, na wateja wanasimama. Kumbukumbu ya kadi ni gunia la mbele. Likijaa na gemu ikahitaji zaidi, kadi inalazimika kuomba kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya mashine, kupitia sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa. GTX 1060 inajisomea kumbukumbu yake kwa gigabaiti 192 kwa sekunde. Njia ya PCIe 3.0 ya mistari 16 haifiki hata gigabaiti 16. Yaani umetoka barabara kuu umeingia njia ya ng'ombe.

Na hapa ndipo ile 6500 XT inapoumia mara ya pili. Kadi hiyo imeunganishwa kwa mistari minne tu. Kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ya PCIe 4.0, mistari minne inapitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde, na kadi inajitahidi. Kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, kama mashine nyingi za ofisi tunazoletewa huku, inabaki chini ya gigabaiti 4, na kumbukumbu yenyewe ni gigabaiti 4 zinazojaa upesi. RX 570 hutumia mistari yote 16. Wapimaji wengi wanaoonyesha matokeo ya 6500 XT wana mazabodi mapya, na wewe una ya 2013. Matokeo yao ni ya kweli, ila hayakuhusu. Usisome jedwali la mtu bila kuuliza lilipimwa kwenye mashine gani.

Umeme nitaurudia chini. Kwa sasa kumbuka tu kwamba wati zilizoandikwa ni za kadi peke yake.

Kuandaa meza

Unapolinganisha kadi mbili, badilisha kadi tu. Hili linaonekana dogo lakini ndilo linalovunjwa kila siku. Mtu anapima kadi ya zamani kwenye mashine yenye RAM moja, halafu ananunua kadi mpya na RAM ya pili kwa pamoja, anapima, anasema kadi imeongeza fremu arobaini, yaani picha arobaini zaidi kwa sekunde. RAM mbili zikifanya kazi kwa jozi zinamsaidia prosesa sana, na sehemu ya hizo fremu si za kadi.

Kwa hiyo: mashine moja, RAM ileile, monita ileile, Windows ileile. Toa draiva ya zamani kabisa kwa programu ya DDU ukiwa kwenye hali salama ya Windows, hasa kama unahama kutoka AMD, wenye Radeon, kwenda NVIDIA, wenye GeForce, au kinyume chake, kisha weka draiva mpya ya kadi iliyopo. Weka mpangilio wa umeme wa Windows kwenye nguvu ya juu. Zima ule ulinganifu wa wima, V-Sync, la sivyo kadi zote mbili zitasimama kwenye fremu 60 na utasema ziko sawa. Zima masasisho yanayopakuliwa kimyakimya.

Halafu angalia waya wa monita umechomekwa wapi. Nasema hili kwa uzito wote. Nimefungua mashine zaidi ya moja ambamo mwenyewe analalamika kadi haina nguvu, na waya wa HDMI uko kwenye tundu la mazabodi badala ya tundu la kadi. Kadi inazunguka feni, inakula umeme, na picha inatengenezwa na prosesa.

Kabla hujapima kadi, hakikisha ni kadi unayoipima na si prosesa. Washa programu ya MSI Afterburner ikuonyeshe juu ya kioo matumizi ya kadi kwa asilimia. Ikiwa gemu inaenda na kadi iko asilimia 95 au zaidi, sawa, kadi ndiyo kikomo. Ikiwa iko asilimia 55 na fremu haziongezeki, prosesa imeshika breki. Njia nyingine ya kuthibitisha: punguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu zisipopanda, kikomo ni prosesa, na hata ukiweka RTX 4060 leo utapata fremu zilezile. Wateja wangu kadhaa nimewarudisha nyumbani na pesa zao mfukoni baada ya jaribio hili la dakika tano, nikawaambia wakaanze na prosesa.

Baridi yetu inadanganya

Hili sijaliona likiandikwa mahali, na kwa sisi wa nyanda za juu ni la muhimu. Mji wetu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, asubuhi kabla jua halijafika Mafiati, chumba changu kina baridi ya kuvalia koti. Kadi za kisasa zinajiongezea kasi zenyewe kadiri zinavyokuwa na ubaridi. GTX za kizazi cha 10, kwa mfano, hupunguza kasi kwa hatua ndogo za takriban megahezi 13 kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo kadi uliyoipima saa moja asubuhi ikiwa haijapata moto itaonekana bora kuliko ileile ukiipima saa tisa mchana. Ukipima kadi ya zamani mchana na kadi mpya kesho yake asubuhi, umelinganisha hali ya hewa.

Jambo la pili linakwenda upande mwingine. Hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kwa kila mzunguko wa feni. Kwa hiyo chumba kikiwa na joto sawa, kadi iliyopimwa Dar itapoa vizuri kidogo kuliko ukiipima Mbeya. Kwa kawaida ubaridi wetu hufidia, lakini mashine iliyofungwa kwenye kabati la mbao, feni zimeziba vumbi la Septemba, haifidiwi na kitu.

Ninachofanya ni hiki. Kipimajoto cha chumba kinaning'inia juu ya meza, na naandika kinachosoma. Kesi ya kompyuta naifunga kabisa, kwa sababu hakuna mteja atakayeitumia ikiwa wazi. Kisha naipa kadi mzigo kwa dakika kumi na tano bila kuandika chochote. Natazama mstari wa joto kwenye Afterburner: mwanzo unapanda kama bodaboda kwenye mlima wa Iwambi, baadaye unalala. Ukishalala na kukaa tambarare dakika tatu au nne, hapo ndipo kadi imefika hali yake ya kweli. Kipimo kinaanzia hapo.

Kupima kwenyewe

Chagua vitu viwili tu. Kimoja kiwe kipimo cha kawaida ambacho watu wengine duniani wanakitumia, ili upate pa kujilinganisha. Mimi hutumia Unigine Superposition kwa kadi za miaka ya karibuni, na Unigine Heaven ya 2009 kwa zile kuukuu ambazo Superposition inazilemea. Cha pili kiwe kazi yako mwenyewe. Kama ni gemu, chagua sehemu moja unayoweza kuirudia vilevile kila mara: barabara ileile, saa ileile ya ndani ya gemu, sekunde sitini. Kama ni kuhariri video za harusi, chukua kipande kimoja cha dakika tano chenye rangi na maandishi kama unavyofanya siku zote, ukitoe, na saa ya simu mkononi. Kama unarusha ibada, rusha kwa majaribio dakika kumi na uangalie OBS inahesabu fremu ngapi zilizopotea.

Rudia mara tatu. Ya kwanza iache, kwa sababu mara ya kwanza mashine inasoma mafaili kutoka kwenye diski. Andika ya pili na ya tatu. Zikipishana sana, kuna kitu kinakuingilia. Tafuta ni nini kabla hujaendelea.

Sasa, usiandike wastani wa fremu peke yake. Wastani unaficha maumivu. Tuchukue sekunde moja. Kadi imetoa fremu 90 ndani ya sekunde hiyo, na kihesabio kinaandika 90, unafurahi. Lakini fremu 89 kati ya hizo zilichukua milisekunde 9 kila moja, jumla kama milisekunde 800, na fremu moja ikachukua milisekunde 200 peke yake. Sehemu ya tano ya sekunde picha imesimama. Kwenye gemu ya mpira hapo ndipo mpira unapokupita. Kadi nyingine inayotoa fremu 60, kila moja milisekunde 16 au 17 bila kuyumba, itakupendeza zaidi ingawa karatasi yake inaonekana dhaifu. Kwa hiyo waambie Afterburner au CapFrameX wakuandikie pia asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya zile fremu mbaya kuliko zote. Wastani ukiwa juu na asilimia 1 ya chini ikiwa mbali sana chini yake, mara nyingi kumbukumbu ya kadi imejaa. Kijana wa Uwanja wa Ndege wa Zamani aliniletea GTX 1060 ya gigabaiti 3 akisema ina ugonjwa wa kukwama. Tulishusha ubora wa ngozi za picha hatua moja tu, kukwama kukaisha. Kadi ilikuwa nzima, gunia lilikuwa dogo.

Na unapopima kadi mpya, zima fremu za kubuni. RTX za kizazi cha 40 zina uwezo wa kutengeneza fremu za katikati ambazo gemu yenyewe haikuzitoa, na kihesabio kinazijumlisha. Picha inakuwa laini zaidi, sikatai, lakini mkono wako hauhisi wepesi huo. Pima kwanza bila fremu hizo na bila DLSS, ile mbinu ya NVIDIA ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, ndipo uipime tena navyo, na uandike mistari miwili tofauti. DLSS ni haki yake kadi mpya, maana GTX haina kabisa. FSR, mbinu ya AMD ya namna hiyo, husaidia hata kadi nyingi za zamani. Ila usiziweke kwenye mzani mmoja bila kusema.

Mambo ambayo fremu hazisemi

Umeme kwanza. RX 580 imeandikwa wati 185, RTX 4060 wati 115. Tofauti ni wati 70. Kwa mwenye kibanda cha gemu, mashine moja ikikimbia saa sita kwa siku, siku thelathini, hiyo ni uniti 12.6 za LUKU kwa mwezi. Mashine nne ni uniti 50 na ushee. Zidisha kwa bei unayonunulia uniti, kisha angalia ni miezi mingapi kadi mpya inarudisha tofauti ya bei. Kwa mtu anayecheza Jumamosi jioni tu, hesabu hii haina uzito wowote.

Pawasaplai, boksi linaloigawia mashine umeme, ni suala la usalama. Dell OptiPlex 9020 ya mnara huja na pawasaplai ya wati 290, na haina waya wa pini sita wa kuilisha kadi. Mashine kama hiyo inafaa kadi inayokula kutoka kwenye sloti peke yake, isiyozidi wati 75: GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti au GTX 1650 ambazo hazina tundu la waya wa ziada, au RTX 3050 ile ya gigabaiti 6. Usikubali kuunganishiwa waya wa kubadilisha kutoka kwenye laini ya diski ili ulishe kadi ya wati 150. Nimeona plagi ya namna hiyo imeyeyuka ikashikamana na kadi, na harufu ilikaa chumbani siku mbili.

Maisha ya draiva. NVIDIA iliacha kutoa draiva mpya za gemu kwa kizazi cha Kepler, zile GTX 600 na nyingi za 700, mwaka 2021. Oktoba 2025 ikafika zamu ya Maxwell na Pascal, yaani GTX 900 na GTX 10. Zinabaki na masasisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kadi haifi siku hiyo. Gemu zilizopo zitaendelea. Lakini ukinunua 1060 leo, jua umenunua kitu ambacho gemu mpya hazitakisubiri.

Kwa wanaofanya michoro ya pande tatu, wengi wao wanafunzi wa chuo kule Iyunga, angalieni programu kabla ya kadi. Blender, programu ya michoro hiyo, kuanzia toleo la 3.0 haimkubali RX 580 kwenye kurenda, yaani kutoa picha ya mwisho, kwa injini yake ya Cycles. Kadi hiyohiyo inayoishinda GTX 1650 kwenye gemu inakaa bure, kazi inafanywa na prosesa usiku kucha, wakati 1650 inaimaliza. Hapa kadi dhaifu ndiyo kadi sahihi.

Kadi ya mtumba iangalie na afya. Fungua, piga vumbi, weka pesti mpya ya kupitisha joto, ndipo upime, kwa sababu pesti iliyokauka miaka sita inaiibia kadi haki yake. Jaribu kila tundu la picha, si moja. Endesha kipimo cha kumbukumbu cha programu ya OCCT. Kosa hata moja kwenye kumbukumbu ni sababu ya kuirudisha.

Daftari

Nina daftari la mistari, jalada jeusi, kadi moja ukurasa mmoja. Juu naandika jina kamili pamoja na aina ya kumbukumbu, kori, mashine niliyopimia, toleo la draiva, joto la chumba. Chini yake wastani, asilimia 1 ya chini, joto la kadi lilipotulia, na wati za mashine nzima kutoka kwenye kimita cha ukutani. Mstari wa mwisho ni bei gawanya kwa wastani wa fremu, kwa kazi ile ya mteja mwenyewe. Kadi mbili zikikaa kurasa mbili zinazotazamana, mteja husoma mwenyewe, na mara nyingi ananyamaza kidogo kisha anachagua bila mimi kumshawishi.

Yule kijana wa kanisa nilimwonyesha hivyo. RX 570 yake niliitoa, nikaisafisha, pesti yake ilikuwa imekuwa kama udongo wa Isyesye wakati wa kiangazi. Baada ya kuweka mpya, joto lilishuka na feni zikatulia. OBS ikaiona enkoda mara moja. Ile 6500 XT ilikaa kwangu wiki mbili, ikachukuliwa na mwanafunzi mwenye mazabodi ya PCIe 4.0 ambaye anacheza gemu tu na hajawahi kurusha video. Tulipima kwanza, akaridhika, na kijana akarudishiwa sehemu kubwa ya pesa zake.

Jumapili ile saa nne nilifungua simu nikiwa jikoni. Watoto wa kipaimara walikuwa wanaingia kwa mstari, nguo nyeupe, kwaya inaimba nyuma yao. Nilitazama nusu saa nzima huku viazi vikichemka, na picha haikuganda hata mara moja.